Utricularia inflexa na Utricularia stellaris: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majaruba ya mpunga ya Usangu, mkoani Mbeya, yakishajaa maji tu, picha zinaanza kutumwa. Kitu cha kijani kinaelea, kina nyuzinyuzi, kina vidoa vyeusi, na swali ni lile lile: hiki ni nini na kina madhara gani. Maswali hapa chini, kuhusu mimea miwili ya majini iliyotajwa kwenye kichwa, ni yale yanayorudi kila msimu, kutoka kwa wakulima wa mpunga, wenye mabwawa ya samaki, walimu wa bailojia na vijana wanaopenda kufuga vitu vya ajabu nyumbani. Ili tusichoshane nitaandika inflexa na stellaris tu, bila lile jina refu la mbele.

## Ya mwanzo kabisa

Hivi ni mimea inayokula wadudu kweli au ni stori za mtandaoni?

Ni kweli. Utricularia ni jenasi kubwa (yaani kundi la aina zenye undugu), ina aina zaidi ya 200 duniani, na karibu kila mahali zinapoota zinakamata viumbe vidogo kwa vibofu, yaani vijifuko vya mtego. Vile vidoa vyeusi unavyoviona kwenye nyuzi ndo vibofu vyenyewe, vikizeeka huwa vinageuka zambarau iliyokolea au nyeusi kabisa, vikiwa vichanga ni kijani au havina rangi, vinapitisha mwanga.

Ila punguza matarajio. Kibofu ni cha milimita chache tu, kinachoingia humo ni vidudu ambavyo wewe mwenyewe unaviona kwa shida. Ng'ombe akinywa maji ya hapo hamna kitakachomtokea (ndiyo, limeulizwa, tena zaidi ya mara moja).

Mbona nikivuta inakuja yote, mizizi iko wapi?

Haina. Haijawahi kuwa nayo hata ilipokuwa inaota kutoka kwenye mbegu. Ule uzi mrefu ni shina linalolala ndani ya maji, linaweza kufika karibu mita 1, na pembeni yake yanatoka majani yaliyogawanyika mpaka yakabaki nyuzi tupu, halafu kwenye hizo nyuzi ndo vimeshikizwa vibofu. Mmea mzima unaelea chini kidogo ya uso wa maji, haujashika popote. Kinachotoka nje ya maji ni shina la maua peke yake.

Kama ina majani ya kijani, wadudu wa nini tena?

Sukari inajitengenezea yenyewe kwa jua kama mmea mwingine wowote. Inachokosa ni naitrojeni na fosforasi, kwa sababu inapenda kukaa kwenye maji yasiyo na rutuba nyingi na mzizi wa kwenda kuchimba kwenye tope haina. Kwa hiyo wadudu kwake ni mbolea. Ndo maana mara nyingi ukiikuta kwenye maji yenye mbolea nyingi ya chumvichumvi utaona imefunikwa na mwani na imedhoofika.

Huku kwetu nizitafute wapi?

Popote penye maji yaliyotulia au yanayotembea taratibu na jua la kutosha: majaruba, mifereji ya kumwagilia ambayo haijasafishwa siku nyingi, madimbwi, kingo za vinamasi. Kwa Mbeya mi ningeanzia tambarare ya Usangu, upande wa Mbarali, au nishuke Kyela kwenye mpunga wa karibu na Ziwa Nyasa. Ni mimea ya joto hii. Mjini Mbeya tuko kwenye kama mita 1,700 na baridi ya usiku wa Juni na Julai unaijua mwenyewe.

Ukipanda mpaka Kitulo, mita 2,600 hivi, usizitafute hizi kabisa, huko tafuta ndugu zao wa tope. Kuna U. livida kwa mfano (hiyo U. ni kifupi cha Utricularia), ina vimaua vidogo vyeupe au vya zambarau hafifu, imesimama kwenye udongo uliolowa chapachapa na mitego yake imefukiwa humo humo kwenye udongo, usipochimba huwezi kujua kama inakula mtu yeyote. Namaanisha mdudu yeyote.

Ihefu, kile kinamasi kikubwa cha Usangu, ni ya hifadhi. Sehemu ile iliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, na Kitulo nayo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kwa hiyo huko ni kuangalia na kupiga picha, kuchuma ni mpaka uwe na kibali.

## Kuzitofautisha

Nitajuaje hii ni inflexa na hii ni stellaris?

Angalia maboya. Nimeliweka hili mwanzoni mwa sehemu hii makusudi kwa sababu asilimia kubwa ya ubishi unaisha hapa.

Zote mbili, zikitaka kutoa maua, zinatoa shina linalosimama, na kwenye hilo shina kunakuwa na duara la viungo vilivyovimba vyenye hewa ndani, vinatoka kwa pamoja kuzunguka shina na kusambaa pande zote. Hayo ndo maboya, kazi yake ni kulishikilia shina la maua lisilale kwenye maji, maana mmea hauna mzizi wa kuusimamisha. Sasa boya la inflexa ni refu na jembamba, limenyooka, limechongoka kuelekea nchani. Boya la stellaris ni fupi, limenenepa katikati, linakaribia umbo la yai. Ukiziweka mbili kwenye sahani moja nyeupe hata mtoto wa darasa la tatu anakuonyesha ipi ni ipi.

Likate boya kwa wembe katikati uone. Ndani ni sponji, vyumba vidogo vidogo vya hewa vimetenganishwa na kuta nyembamba sana, ukilibinya kwenye maji linatoa mapovu madogo mfululizo. Na ukiangalia kwa makini utaona boya lenyewe lina vijinyuzi vya majani vimeota juu yake, hasa kuelekea nchani, manake boya asili yake ni jani lililobadilika.

Kuna wanaoniuliza maboya yako juu au chini kiasi gani kwenye shina. Hapo mi sihangaiki napo, naangalia umbo.

Si niangalie tu rangi ya ua? Ni rahisi zaidi.

Inasaidia nusu. Stellaris ua lake ni njano. Inflexa mara nyingi ni jeupe lenye mishipa ya zambarau au nyekundu, lakini lipo pia linaloelekea njano, na hapo ndo watu wanapopigana. Kwa hiyo ua jeupe lenye mistari na maboya marefu, hiyo inflexa, lala usingizi. Ua la njano, rudi kwenye maboya kabla hujaandika jina.

Halafu rangi kwenye simu zetu hizi ni ya kuiangalia vizuri, jua la saa saba linafanya ua la njano hafifu litokee jeupe. Piga asubuhi au weka kivuli kwa mkono.

Yangu haina ua wala maboya, ni nyuzi tu na vibofu. Ni ipi?

Andika "Utricularia ya majini" uishie hapo. Bila shina la maua hizi mbili zinafanana mno, nyuzi zile zile, vibofu vile vile, na ukubwa wa majani unabadilika kufuatana na maji yalivyo. Anayekuambia kwa picha ya nyuzi peke yake kwamba ni stellaris anakubahatishia. Rudi hapo baada ya wiki kadhaa. Mi huwa natafuta mashina ya maua mvua zinapoelekea kuisha, kuanzia Machi mpaka mpunga unapokaribia kuvunwa na maji yanapoanza kutolewa.

Nimegugo inflexa zikaja picha za mmea wenye maboya makubwa na maua ya njano, ndo hiyo?

Uwezekano mkubwa umeletewa U. inflata. Herufi chache tu zimebadilika lakini ni mmea mwingine, wa kusini mashariki mwa Marekani. Nao una duara la maboya na ua la njano, na umeenea mpaka sehemu zingine za nchi hiyo hiyo ambako haukuwepo, kama jimbo la Washington, kule wanauhesabu ni mvamizi. Huku kwetu sio wa asili. Na kuna reflexa pia, hiyo ni ya Afrika, ya majini, ua la njano, ila kwa kawaida haina maboya. Inflexa, inflata, reflexa. Waliotoa majina hawakutuonea huruma.

Kuna majani mengine ya majini yanafanana nayo, nisije nikachanganya?

Lipo moja hasa, Ceratophyllum, lile la kijani kilichokolea linalojaa kwenye mabwawa na kwenye matangi ya samaki wa mapambo. Lina nyuzi lakini halina kibofu hata kimoja, na likiguswa linakwaruza kidogo wakati Utricularia ni laini na inateleza. Lingine ni U. gibba, hii ni ndugu kweli na vibofu inavyo, ila ni ndogo sana, nyuzi zake ni kama uzi wa kushonea, vimaua vya njano vichache na hamna maboya. (Gibba ni maarufu maabara: mwaka 2013 walipoisoma DNA yake yote walikuta ina herufi milioni 82 tu, wakati ya binadamu ni kama bilioni 3.)

Kwani zina uhusiano gani hasa, mbona zinafanana hivyo?

Ziko kundi moja ndani ya jenasi, kwenye familia ya Lentibulariaceae. Na ukiona umeshindwa kuzitenganisha usijisikie vibaya, Peter Taylor, Mwingereza wa bustani ya Kew aliyezijua Utricularia kuliko mtu yeyote wa zama zake, miaka ya 1960 aliihesabu stellaris kuwa ni namna tu ya inflexa. Baadaye kwenye kitabu chake kikubwa cha mwaka 1989 akaziweka kila moja kivyake, na ndivyo zinavyohesabiwa sasa.

Majina ni ya zamani kuliko huo ubishi. Inflexa ilitoka kwenye kazi ya Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyesafiri Misri na Uarabuni, akafa kwa malaria Yemen mwaka 1763, maandishi yake yakachapishwa na mwenzake wa safari mwaka 1775. Stellaris ilipewa jina na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, yule mtoto sio baba yake maarufu, miaka michache baadaye.

Eneo nalo linatofautiana. Inflexa iko Afrika na upande wa Bara Hindi. Stellaris imeenda mbali zaidi, Afrika, Asia, mpaka kaskazini mwa Australia. Kwa Tanzania zote zipo kwa hiyo jiografia haikusaidii kuchagua.

## Mtego unavyofanya kazi

Kibofu kinamkamataje mdudu wakati hakina mikono wala gundi?

Kwa kuvuta maji. Mmea unasukuma maji nje ya kibofu taratibu kupitia kuta zake, kibofu kinabonyea pembeni, kinabaki kimekaza huku mlango umefungwa. Ni kama kichupa cha dawa ya macho ulichokibinya ukakiingiza kwenye maji, ukikiachia tu kinanyonya. Mbele ya mlango kuna vinywele. Mdudu akivigusa, mlango unafunguka kwenda ndani, kuta zinarudi, maji yanaingia kwa kasi na mdudu yumo, mlango unajifunga. Yote hayo yanaisha ndani ya muda usiofika milisekunde moja. Jicho haliwezi kuona, wanasayansi wenyewe wamelazimika kutumia kamera za kasi kubwa sana.

Baada ya hapo vimeng'enya vinamsaga, na kibofu kinaanza kutoa maji upya, kwa dakika kama 15 mpaka 30 kiko tayari tena.

Charles Darwin kwenye kitabu chake cha mwaka 1875 aliandika kwamba wadudu wanasukuma wenyewe mlango kwa kichwa. Mary Treat wa Marekani, waliyekuwa wakiandikiana barua, alikaa na darubini yake akaona mdudu anavutwa kwa ghafla. Huyu mama ndo alikuwa karibu zaidi na ukweli.

Mitego ya inflexa na stellaris ina tofauti?

Kwa macho na lenzi ya mkono, hapana, utendaji ni ule ule nilioueleza swali lililopita. Usitumie vibofu kuzitofautisha.

Nimeitoa kwenye maji nikasikia inatoa sauti ya kutatarika, kuna nini?

Hiyo ni mitego inafyatuka. Ukiinua mmea kwa haraka, vinywele vinaguswa, milango inafunguka na badala ya maji inavuta hewa. Ukiwa sehemu tulivu, ukasogeza sikio, unasikia vizuri kabisa tik, tik-tik. Ukiirudisha kwenye maji uangalie kwa lenzi utaona vibofu vingi vina povu la hewa ndani, duara moja linalong'aa. Kwa darasani hii ndo njia rahisi ya kuwashawishi wanafunzi kuwa mtego upo, haihitaji umeme wala darubini.

Inakula nini hasa?

Vidudu maji vidogo vidogo vile vinavyorukaruka ukitazama maji kwenye glasi juani, viluwiluwi vichanga vya mbu, minyoo midogo, na mwani mwingi tu unaingia humo bila kukusudia.

Basi tuipande kila mahali imalize mbu na kichocho!

Taratibu. Kwenye maabara imeonekana Utricularia za majini zinakamata viluwiluwi vya mbu wakiwa wadogo, na mwaka 1970 kulitoka utafiti ulioonyesha zinakamata hata vijidudu vya kichocho vinapoogelea kutafuta konokono au kutafuta mtu. Hiyo ni kweli na inafurahisha. Lakini dishi la maabara sio jaruba la ekari mbili, humu kuna maelfu ya sehemu ambazo kibofu hakifiki. Kiluwiluwi akishakua hapiti kwenye mlango.

Kwa hiyo unapoingia kuitafuta vaa gambuti. Usiingie peku kwenye maji yaliyotuama eti kwa sababu kuna mmea unakula kichocho. Chandarua nacho kiendelee.

## Shambani na bwawani

Inaharibu mpunga? Nipige dawa?

Haijishikizi kwenye mpunga, hainyonyi shina lake, na kwa kuwa haina mizizi haigombanii udongo nao. Ikiwa nyingi mno inaweza kutanda katikati ya miche michanga ikawa inasumbua mtu anayepalilia, hilo lipo, na ndo maana kwenye orodha za magugu ya mpunga unaweza kuikuta imetajwa. Lakini ukilinganisha na ndago au mpunga pori, hii ni ya kuipitia pembeni tu. Kuinunulia dawa ni kutupa hela. Ukiona imezidi, vuta kwa mkono au kwa reki, inatoka yote kwa mara moja, itupe kwenye tuta ikauke. Au subiri, ukitoa maji inakufa yenyewe.

Kuna mama mmoja wa upande wa Igurusi alisema jaruba lenye hii kitu kwake ni dalili kuwa maji yametulia na mbolea haijazidi. Mi nakubaliana naye, ingawa singeitumia badala ya kupima udongo.

Ukitoa maji inakufa, mbona mwaka unaofuata iko pale pale?

Mbegu. Zinabaki kwenye tope lililopasuka, mvua za Novemba au Desemba zikirudi zinaota. Vilevile kipande cha shina kinaweza kuja na maji ya mfereji kutoka kwenye dimbwi lisilokauka, kikaendelea kukua. Ndege wa majini nao wanabeba vitu kwenye miguu.

Ila mahali ambapo maji hayakauki mwaka mzima mmea unaweza kuendelea tu bila kupitia mbegu. Ndo maana madimbwi ya kudumu ni muhimu kwao, na Usangu madimbwi hayo yamepungua. Mto Ruaha Mkuu wenyewe, chini ya Ihefu, umekuwa ukikatika kiangazi tangu 1993.

Nina bwawa la perege, itakula vifaranga?

Vifaranga wa perege na sato wakitoka mdomoni mwa mama yao tayari ni wakubwa kuliko mlango wa kibofu. Uingereza kwenye miaka ya 1880 waliona aina ya kule inakamata vifaranga wadogo sana wa samaki kwa mkia au kwa kichwa, kwa hiyo haiwezekani kusema kamwe haitatokea, lakini bwawa la perege halitapata hasara kwa hilo. Kinachoweza kukusumbua ni mmea kujaa mpaka wavu haupiti. Punguza kwa mkono. Na kama bwawa unalilisha pumba na kuliwekea samadi, Utricularia haitakaa sana humo, sababu nimeieleza kwenye swali la wadudu wa nini.

Wanasema ni mvamizi kama magugu maji ya ziwani, kweli?

Hizi mbili ni za hapa hapa. Magugu maji yale ya maua ya zambarau yaliletwa kutoka Amerika ya Kusini, ni habari nyingine kabisa. Anayekuonyesha makala ya Utricularia mvamizi mwangalie jina, pengine ni ile inflata niliyoitaja juu.

## Kuifuga nyumbani

Naweza kuiweka kwenye beseni nyumbani Mbeya mjini?

Unaweza kujaribu, stellaris au inflexa, masharti ni yale yale. Maji ya mvua, sio ya bomba yenye klorini wala ya kisima chenye chumvi. Beseni pana ni bora kuliko ndoo ndefu. Jua la kutosha. Usiweke mbolea, hata kidogo, hata ile ya maji ya kwenye chupa nzuri.

Halafu chini weka majani makavu ya nyasi au mabua machache, usijaze. Yakioza polepole yanatoa kaboni dayoksaidi ambayo mmea usiokuwa na mizizi unaihitaji sana ndani ya maji, na yanaleta vile vidudu maji vya kuliwa. Watu wengi wanaweka mmea kwenye glasi safi, maji masafi, dirishani, panapendeza kwenye picha, baada ya wiki umeoza. Maji masafi kupita kiasi hayana chakula wala gesi.

Baridi ndo tatizo la mjini. Juni mpaka Agosti ingiza beseni ndani usiku au lifunike na nailoni, na mchana lirudi juani. Anayeishi Mbarali au Kyela hili halimhusu.

Mwani umeifunika yote, nifanyeje?

Toa mmea, usuuze taratibu kwenye beseni lingine la maji ya mvua, kata vipande vya nchani vilivyo visafi uviweke kwenye maji mapya. Sehemu ya nchani ndo inayokua, ya nyuma inakufa yenyewe kila siku hata kwenye mmea wenye afya, kwa hiyo usiogope kutupa mkia mweusi. Konokono wadogo wanasaidia kula mwani, lakini usiwabebe kutoka jarubani kwa sababu ya kichocho.

Niinunue wapi?

Sijaona haja ya kununua. Omba mwenye shamba, chukua nchani vipande viwili vitatu kwenye chupa ya maji ya pale pale. Usichukue kwenye hifadhi, angalia swali la kuzitafuta wapi.

## Yale ya utata

Maboya yamenyauka au yameliwa, ua ni njano hafifu. Sasa?

Tafuta shina lingine kwenye dimbwi hilo hilo, mara chache sana linakuwa moja. Boya likinyauka linasinyaa na kuwa jembamba, kwa hiyo boya fupi la stellaris likikauka linaweza kukudanganya lionekane la inflexa. Pima boya bichi tu.

Nimekuta shina lina maboya marefu na jirani yake lina mafupi, dimbwi moja. Inawezekana zote ziwe pamoja?

Inawezekana, zinapenda maji ya aina moja. Lakini kwanza hakikisha yale mafupi sio maboya machanga, maana boya linakua, shina likiwa ndo kwanza linachomoza maboya ya inflexa nayo ni mafupi. Linganisha mashina yenye ua lililofunguka kwa wote wawili. Umbo likiendelea kutofautiana, moja limechongoka na lingine lina tumbo, una zote mbili na una bahati.

Nataka kuhifadhi sampuli ikauke vizuri, kila nikiitoa inajikunja inakuwa bonge la uji.

Usiitoe kwanza. Weka mmea kwenye beseni lenye maji, uache ujisambaze wenyewe, ingiza karatasi ngumu chini yake, uinue karatasi polepole ikiwa imelala ili maji yatoke pembeni na nyuzi zibaki zimetandazika. Funika na kitambaa kisichonata, weka kati ya magazeti, juu yake mzigo, badilisha magazeti kila siku mpaka ikauke.

Maboya yakikandamizwa yanakuwa bapa na umbo linapotea, kwa hiyo kabla ya kukandamiza pima urefu na unene wa boya moja, na upige picha shina likiwa bichi na rula pembeni. Rangi ya ua andika hapo hapo, ikikauka inaondoka. Ukiandika na kijiji, tarehe, na kama ni jaruba, mfereji au dimbwi, sampuli hiyo hata Hebaria ya Taifa kule Arusha, panapotunzwa mimea iliyokaushwa, inaweza kuwafaa.